Ngwala ya Wifi

Askari wa pale mahakamani ndio waliombandika jina la Midomo Miwili, naye hakulikataa. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya kizimba na meza ya hakimu, sikio moja kwa wakili anayemwaga Kiingereza chake, jingine kwa shahidi anayejibu kwa Kiswahili cha nyumbani kwao, na kuhakikisha hakuna neno linalodondoka njiani. Shahidi akilia, yeye hakulia. Akitukana, tusi alilitafsiri lilivyo, macho makavu, mpaka mawakili wageni wakaona haya kwa niaba yake. Sauti yake ilifika benchi la mwisho bila yeye kuinua kidevu. Hakimu alizoea kutania, "Siku mkalimani akikohoa, tutafunga milango."

Basi akakohoa.

Ilianza kama mafua, mafua yakaondoka, kikohozi kikabaki, kisha sauti ikaanza kukwaruza kama redio iliyotoka kwenye stesheni yake. Siku moja, hukumu ikisomwa na mshtakiwa akiwa amekodoa macho kusubiri ajue kama anakwenda nyumbani au jela, Midomo Miwili alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Ilibidi karani amwonyeshe mshtakiwa mlango kwa kidole. Kwa bahati, ulikuwa mlango wa nje.

Daktari alimchungulia kooni, akasema nyuzi za sauti zimeota vinundu. "Usiongee. Hata kunong'ona usinong'one. Kunong'ona kunaumiza kuliko kupiga kelele."

"Mpaka lini?" akauliza kwa kile kisauti kilichobaki.

Daktari akamtazama. "Umeanza vibaya."

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa kuzungumza na mashine kuliko na watu. Alirudi jioni na ubao mdogo wa chaki kama ule wa watoto wanaojifunza kuandika, akamkabidhi mkewe kama anayemkabidhi zawadi. Nyumba ikaingia kimya. Si kimya kamili lakini, kwa sababu wifi alikuwepo.

Huyu wifi, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya mtu binafsi. Mwenye shule alipoamka asubuhi moja na kuamua majengo yale yanafaa zaidi kuwa ghala la saruji, wifi akabaki na cheti chake na masanduku mawili. Alikuja kwa kaka yake kukaa wiki moja, na wiki hiyo ikawa haina Jumapili. Hakuwa mtu mbaya. Alipika, alifagia, alicheka kwa sauti. Lakini kuna watu wakikusaidia kupanga kabati lako, wiki inayofuata unawauliza wao chumvi iko wapi, na wifi alikuwa mmoja wao.

Karani wa mahakama alipokuja kumjulia hali mgonjwa, alikaa ukingoni mwa kiti, akageuzageuza kofia yake mkononi, kisha akatoa lililomleta. Kesi zinaahirishwa. Mahabusu wananung'unika. Je, hapa jirani hakuna mtu mwenye Kiingereza kilichonyooka, wa kushikilia kidogo tu?

"Si dada yupo?" akasema mume, kama aliyeokota kitu barabarani.

Midomo Miwili alikuwa ndiyo kwanza anaingia na sinia la chai. Wote wakamgeukia. "Au unasemaje, mke wangu?" mume akauliza.

Mtu asiye na sauti anaulizwa anasemaje! Mikono imeshika sinia, ubao uko chumbani. Akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu kukataa kulihitaji maelezo, na maelezo yalihitaji koo. Wifi akapiga makofi, akaja kumkumbatia na chai ikamwagika kwenye kitambaa cha meza.

Shaka haikuingia siku ile. Iliingia polepole, kama maji yanavyopanda ukutani. Wifi aliazima koti jeusi la kazi, likamkaa vizuri kuliko mwenyewe, maana alikuwa na mabega. Jioni ya kwanza alirudi amechoka, akavua viatu, akaingiza miguu katika ndara za Midomo Miwili zilizokuwa mlangoni, akaenda nazo mpaka jikoni. Jioni ya pili alirudi anacheka. "Hakimu wenu yule ana utani, jamani!" Baada ya siku chache, bila yeyote kugundua isipokuwa mmoja, "hakimu wenu" akawa "hakimu wetu".

Tena mume na dada yake walianza kunong'ona. Midomo Miwili akitokea, mazungumzo yanakatika, na mmoja wao ataulizia kitu cha kipuuzi, kwamba gesi imeisha au mvua itanyesha. Kabla ya hapo hakuwahi kujua ni mambo mangapi mtu huyazuia nyumbani mwake kwa kukohoa tu au kuuliza "Eti nini?" Sasa yalimpita kama upepo.

Jirani waliyetenganishwa naye na ukuta mmoja, mwanamke asiyeweza kuona kidonda bila kukigusa, alimkuta anaanika nguo. "Mwenzangu, hivi kazi hiyo ni ya kushikiana au ya kuachiana? Maana nasikia wifi yako anasifiwa huko, utafikiri alizaliwa kizimbani." Midomo Miwili akabana kibanio kwenye shati la mumewe kwa nguvu mpaka kikavunjika.

Kesho yake akaenda mwenyewe. Mtu aliyekatazwa kusema hakukatazwa kuona. Alipofika kwenye korido ndefu ya mahakama, ile yenye madawati ya kusubiria yaliyochubuka rangi, akawaona karani na wifi wamesimama dirishani, vichwa vimekaribiana. Akapunguza mwendo. Neno lililomfikia lilikuwa la wifi, tena la katikati: "...na kama yeye hatarudi..." Karani akatikisa kichwa, kisha akakitikisa tena kwa namna nyingine, kisha akamwona na kuinua mkono kwa furaha nyingi mno. "Aa, mama! Sauti vipi?"

Swali gani hilo? Alifungua mdomo kidogo, akaufunga, akageuka kurudi nyumbani. Njia nzima nusu ile ya sentensi ilimwimbia kichwani. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na nguo yenyewe ndiyo lile koti lake jeusi.

Jumamosi, wakati wa chakula cha mchana, mume hayupo, wifi akasogeza sahani pembeni. "Wifi, nisaidie. Jumatatu tunaendelea na kesi ya wale mama wawili washona sare. Wakili wa mdai kanitahadharisha kwamba kuna neno atalirudia sana. *Supplant*. Mimi nimelisoma vitabuni, lakini sijawahi kulitamka mbele ya hakimu. *Plant* si kupanda? Sasa ndiyo kumpandikiza mtu, au kumng'oa?"

Midomo Miwili aliinuka, akaenda kuleta kamusi yake, dude kubwa lenye mgongo uliofungwa kwa plasta. Akaiweka upande wake wa meza, si katikati, na kufunua taratibu. Neno alilijua, alikwisha kulitafsiri mara nyingi: kuchukua nafasi ya mwingine, hasa kwa hila. Lakini hakuwahi kusoma maandishi madogo chini yake, yale ya ukoo wa neno, maana mahakamani hakuna mwenye muda na ukoo wa neno. Sasa alikuwa na muda.

Neno lilitoka Kilatini, likapitia Kifaransa cha kale kabla ya kufika kwa Waingereza. Kipande cha mbele kilikuwa na maana ya chini. Kipande cha nyuma hakikuhusu kupanda mbegu. Kilikuwa wayo, ile sehemu ya mguu inayokanyaga ardhi. Zamani, kumfanyia mtu kitendo hicho kulikuwa kumwingilia chini ya wayo, kumtega mguu aanguke. Ndipo baadaye, aliyeanguka akiwa bado anapangusa vumbi, watu wakaona kiti chake kina mtu mwingine, neno likahama kutoka mguuni kwenda kwenye kiti.

Kumbe! Waingereza na Walatini wao walizunguka kote huko kutafuta jambo ambalo kila mtoto anayecheza uwanjani analijua. Kupiga ngwala.

Macho yakashuka chini ya meza yenyewe bila kuagizwa. Wifi alikuwa amekunja miguu, ndara zile zikining'inia vidoleni, na alikuwa akizichezesha.

"Umeona?" wifi akauliza. "Wanasemaje?"

Midomo Miwili akavuta ubao. Akaandika kwa herufi kubwa: KUMPIGA NGWALA.

Chaki ikabaki juu ya ubao. Chini palikuwa na nafasi, tena ya kutosha. Kulikuwa na maneno mengine ya kuongeza, yale ya kweli, yale ambayo hakimu angeyahitaji. Mkono ukasita kidogo, kisha ukailaza chaki mezani. Kamusi akaifunga.

"Kumpiga ngwala!" wifi akacheka. "Tamu hiyo. Inaingia kabisa. Ahsante, wifi yangu, bila wewe ningeaibika."

Jumatatu, Midomo Miwili alijiambia kwamba anakwenda mahakamani kunyoosha miguu. Akakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Kesi ilikuwa nyepesi kueleweka. Wanawake wawili walishona sare za shule kwa ubia miaka mingi. Mmoja akalazwa hospitali, na alipotoka akakuta mwenzake amekwisha kuzungumza na mwalimu mkuu, na kazi yote ya sare imehamia kwa jina la mwenzake. Aliyelazwa ndiye mdai. Mwenzake, mwanamke mnene mwenye sindano zimechomekwa kifuani kama nishani, alikuwa kizimbani.

Midomo Miwili akamtazama mdai. Alikonda, alijifunika shali, na macho hayakumtoka yule mwenzake hata mara moja. Mtu angesema anatazama kioo.

Wakili akainuka, akavuta mikono ya joho, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba anamwekea shahidi wazi jambo hili, na lile neno likatoka.

Wifi, kichwa juu, koti jeusi limenyooka, akageukia kizimba. "Wakili anakwambia hivi, mama. Ulimpiga ngwala mteja wake."

Kizimba kikatikisika.

"Mimi? Nimpige ngwala mimi?" Yule mwanamke alishika mbao kwa mikono miwili. "Mheshimiwa, tazama mguu huu! Huu mguu una baridi yabisi mwaka wa ngapi huu, kupanda ngazi hizi nimebebwa! Nitampigaje mtu ngwala? Wapi? Nani aliona? Yeye alianguka mwenyewe bafuni kwake, ndipo akalazwa, mimi sikuwepo!"

"Muongo!" mdai akaruka. "Kumbe ndiyo maana! Sabuni ile uliimwaga wewe!"

Mahakama nzima ikaangua kicheko, askari wa mlangoni wakageukia ukuta. Wakili wa mdai, ambaye Kiswahili kilimfikia vipandevipande, alikuwa akiuliza kulia na kushoto sabuni imetokea wapi. Hakimu akagonga meza.

"Mkalimani." Utani wake wote ulikuwa umekwenda. "Wakili amesema mtu amepigwa?"

Wifi aliganda. Rangi ilimtoka, mabega yale yakashuka, koti likaonekana la kuazima. Kisha akainua macho na kuyapitisha juu ya vichwa vyote mpaka benchi la nyuma.

Midomo Miwili akatazama feni. Feni haikuwa inazunguka, lakini aliitazama kwa makini. Moyo ulimdunda kwa furaha mbaya, ile furaha ya mtu aliyeona adui amekanyaga ganda. Sasa atanitaja, aliwaza. Ataninyooshea kidole, na mimi sina sauti ya kujitetea.

"Hapana, mheshimiwa," wifi akasema. "Hakusema mtu amepigwa. Neno lina asili yake na lina maana yake. Asili yake ni kumtega mtu mguu. Maana yake leo ni kumwondoa mtu katika nafasi yake kwa hila na kuikalia. Mimi nimetoa asili, nikaacha maana. Naomba radhi."

"Na nani alikwambia utoe asili?"

"Kosa ni langu, mheshimiwa."

Hakimu akamtazama kwa muda. "Hapa tunahukumu watu waliopo, mama, hatuhukumu mababu wa maneno. Endelea."

Wifi akaendelea, safi, bila kujikwaa tena. Lakini Midomo Miwili hakusikia chochote. Sentensi moja ilikuwa imemnasa: kumbe anajua maana zote mbili. Tangu lini? Na kama anajua, kwa nini alisema vile? Na kwa nini hakumtaja? Wema usio na sababu ulimtisha kuliko ubaya. Ubaya angalau unajua unatoka wapi.

Walitembea pamoja kurudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza wifi hakuongea. Walipofika kwenye kona ya duka la vipuri, ndipo akasema, mbele yake, bila kumgeukia, "Kamusi niliisoma jana, ulipokuwa unaoga. Niliona maana iliyobaki."

Midomo Miwili akasimama.

"Nikasema, huyu ndiye mwenye mahakama. Kama yeye kaandika ngwala, basi huko ndivyo wanavyolisema. Nikakuamini wewe, nikaiacha kamusi."

Akaendelea kutembea. Midomo Miwili alibaki pale, ubao ukimchoma kwapani. Ilikuwa kweli ile, au ilikuwa jibu la ngwala kwa ngwala, lililolengwa pale pale pa kumwangusha? Aliligeuza neno hilo usiku na mchana, upande wa kitambaa na upande wa bitana, asipate mshono.

Siku zilizobakia za kimya zilikuwa ndefu. Wifi alikwenda kazini na kurudi, hakuuliza neno lolote tena, na ndara aliziacha mlangoni zilipokuwa. Hilo nalo Midomo Miwili alilishuku.

Siku daktari alipomruhusu, alimwambia aseme jina lake. Alisema. Ilitoka sauti nene, ya chini, kama mtu anayeburuta kiti sakafuni. "Ndiyo hiyo," daktari akasema. "Ile nyingine usiisubiri."

Alipofika nyumbani, wifi alikuwa mezani anachambua maharage. Uani mumewe alikuwa amezamisha kichwa ndani ya jokofu la mteja.

"Wifi."

Wifi akaruka, maharage yakatawanyika. "Yesu! Sauti ya nani hiyo?"

"Yangu. Uliiomba kazi yangu kwa karani?"

Mtu mwingine angeanza na "nani kakwambia". Wifi aliufuta mkono kwenye sketi. "Niliuliza. Nilimwambia, kama yeye hatarudi, mtanichukua? Akasema tusubiri. Nikamwambia sawa."

"Na kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Ungenijibu kwa nini? Kwa chaki?" Kisha akapunguza sauti. "Daktari alimwita kaka yangu pembeni tangu mwanzo. Alimwambia huenda isirudi kabisa. Kaka alilia humu ndani, wifi, wewe ukiwa sokoni. Akaniapisha nisikwambie. Mimi sina mume, sina shule, niko kwenye nyumba ya watu. Nikaona kama sauti imekufa, kazi isiende kwa mgeni. Ndiyo, niliitaka. Sasa na wewe nijibu. Siku ile uliishia kwenye ngwala kwa sababu chaki iliisha?"

Midomo Miwili alivuta kiti, akakaa. Angeweza kusema alisahau. Koo lilikuwa bado linauma, angeweza kujifanya halitoki.

"Chaki ilikuwepo," akasema.

Wifi akatazama maharage. Akaokota moja, akalirudisha kwenye sinia, akaokota jingine. Mabega yakaanza kutikisika, na Midomo Miwili akadhani analia.

"'Sabuni ile uliimwaga wewe!'" wifi akasema, na kicheko kikampasuka.

Midomo Miwili hakutaka kucheka. Kilikuja chenyewe, kikiwa na sauti ile mpya, kama mlango wa ghala unaofunguliwa kwa nguvu, na kwa kukisikia tu wifi akazidi, mpaka wakawa wameshikana mikono juu ya meza, machozi yanawatoka.

Kichwa cha mume kikatoka ndani ya jokofu. "Mnacheka nini?"

"Hakuna kitu," wakasema pamoja.

"Nyinyi? Pamoja?" Alikuja mpaka mlangoni na spana yake, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Kuna nini humu?" Chakula kilipoiva siku hiyo, alisubiri wao waonje kwanza.

Usidhani waliishi kama pete na kidole. Midomo Miwili aliporudi kazini hakuweza kushika siku nzima, hivyo kesi ndefu zilibaki kwa wifi mpaka baraza la ardhi, mtaa wa pili, lilipomchukua moja kwa moja na akapanga chumba chake. Walikutana mchana kula. Mara nyingine karani akipita na kumwamkia wifi kwanza, Midomo Miwili aliacha kutafuna na kusikiliza amkio hilo mpaka mwisho wake.

Lakini asubuhi yake ya kwanza pale mahakamani ndiyo askari wanayoisimulia hadi leo. Kizimbani alisimama mwizi wa kuku, mteja wa siku zote, aliyewajua wote pale kwa majina. Midomo Miwili akavaa koti lake jeusi, akasimama mahali pake, akamsomea shtaka kwa ile sauti ya kuburuta kiti.

Mwizi akainamisha sikio, akakunja uso. "Hebu kwanza. Midomo Miwili yuko wapi? Mwanamke wa watu kaumwa kidogo tu, tayari mmemtafutia mwenzake? Mimi sijibu mpaka nijue nani kamwondoa yule mama!"

Hakimu alielewa kila neno. Aliegemea kiti, akasubiri, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu.

Midomo Miwili akamgeukia na, macho makavu, bila kupunguza hata silabi, akayatafsiri yote kwa Kiingereza.